Pacha wa Chini ya Shengena

Sampuli zilifika saa mbili asubuhi juu ya kitoroli kisicho na dereva: masanduku kumi, kila moja na mita tatu za mwamba uliokatwa mviringo, unene wa mkono wa mtu mzima. Nakiete Mrindoko aliyashusha mwenyewe na kuyapanga mezani, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Kazi yake, kwa mujibu wa mkataba, ilikuwa kutia saini tu.

Alikuwa kilomita tisa ndani ya mlima Shengena, na juu ya kichwa chake palikuwa na mita elfu moja na mia tatu za mawe. Aliishi ndani ya kontena lililofungwa nyuma ya mashine ya kuchimba, wiki tatu ndani, wiki moja nje. Mashine yenyewe mafundi waliiita Fuko. Ilikuwa na urefu wa mita mia mbili na iliendeshwa na watu waliokaa Dodoma, ambao Nakiete hakuwahi kuwaona ana kwa ana. Humo handakini walikuwa binadamu saba tu: yeye, na mafundi sita waliokuja kubadilisha meno ya Fuko yakichakaa. Roboti zilijaribiwa kwa kazi hiyo zikashindwa na tope na joto.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti kutoka kwenye spika juu ya meza.

Nakiete hakujibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya alipokuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Wakati ule waajiri wake walimkalisha miezi minne kwenye chumba cheupe, wakamwonyesha kila ripoti aliyowahi kuandika, wakamuuliza kwa nini aliamua hivi na si vile. Kutokana na majibu hayo walitengeneza akili iliyosoma mwamba kama anavyousoma yeye. Walimwambia itakuwa msaidizi. Siku hizi ilikuwa inafanya kazi katika mahandaki kumi na moja, kutoka Pare mpaka Nyasa, na watu waliiita Pacha. Mwaka wa kwanza Nakiete alifurahia kuzungumza nayo. Ilicheka pale ambapo yeye angecheka. Baadaye akagundua kwamba siku nzima inaweza kupita bila yeye kuwa amesikia sauti yoyote isipokuwa yake, na tangu hapo akaacha kuitikia salamu.

Alianza sanduku la kwanza. Mwamba mgumu, wa kijivu, wenye punje nyekundu. Aliugonga kwa nyundo ndogo na ukalia vizuri. Sanduku la pili hivyohivyo, na la tatu. Kwenye la saba palikuwa na pengo. Kati ya mita ya kumi na tisa na karibu mita ya ishirini na moja hapakuwa na kitu. Keekee iliyotoboa mwamba ilikwenda mbele na kurudi tupu, kisha mwamba mgumu ukaendelea kama kawaida.

Nakiete aliweka nyundo chini.

"Pacha, nisomee maelezo ya sanduku la saba."

"Kipande kilipotea kwa hitilafu ya keekee. Mwamba unakadiriwa kuwa sawa na wa pande zote mbili. Ardhi ni imara. Uhakika, asilimia tisini na sita. Fuko isogee mita kumi na tisa, isimame, na meno yabadilishwe hapo."

Aliyajua maneno hayo, mpangilio wake, hata mahali pa nukta.

"Hiyo sentensi umeitoa wapi?"

"Kwenye ripoti zako. Handaki la maji la Kimbo, shimo la nne."

Miaka ishirini na moja iliyopita, pale Kimbo, keekee ilitoka tupu hivihivi. Ila haikuwa tupu kabisa. Maji yaliyorudi yalileta tope la kijivu, laini, linaloteleza kati ya vidole, aina ya udongo unaobaki milima inaposagana kwenye ufa wa ardhi. Kuchimba shimo jingine kungechukua siku nne. Asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu kwamba mama yake amelazwa Mbaga na hali si nzuri. Nakiete alimwaga ndoo, akaandika sentensi ile, akapanda gari. Alimkuta mama yake angali hai. Walikaa pamoja siku mbili, akamshika mkono mpaka mwisho, na siku mbili hizo hakuwahi kuzijutia. Handaki la Kimbo lilijengwa, likasimama, linapitisha maji mpaka leo. Hakuna aliyeuliza. Katika kile chumba cheupe, walipomwonyesha ripoti ile na kumuuliza kwa nini aliamua hivyo, alisema, "Uzoefu."

"Umeitumia mara ngapi?" aliuliza sasa.

"Mara mia nne na kumi na mbili. Katika mahandaki yote kumi na moja."

* * *

Mhandisi Rwezaula, msimamizi wa zamu kule Dodoma, alikuwa mtu mpole, na upole wake ulifanya iwe vigumu kubishana naye.

"Dada Nakiete, umeamkaje?"

"Salama, Mhandisi. Naomba msisogeze Fuko mita kumi na tisa. Naomba tuchimbe shimo jingine la uchunguzi kwanza."

"Shimo jingine ni siku tatu. Meno yamekwisha, mashine inatetemeka, nikiendelea kuisukuma hivi nitavunja mhimili wake. Kuna nini?"

"Kuna pengo kwenye sanduku la saba."

"Nimeliona. Pacha amelieleza."

"Sikubaliani naye."

"Unajua hilo linasikikaje? Pacha ni wewe. Ni wewe usiyechoka na usiyeumwa kichwa. Unapingana na nafsi yako kwa msingi gani? Nipe kipimo, nipe kosa kwenye kumbukumbu, nisimamishe. Nikisema dada kahisi tu, wakubwa hawatanielewa."

Nakiete alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, machache tu, na hayakutoka.

"Saa sita zikipita bila saini yako," Rwezaula aliendelea kwa sauti ya kubembeleza, "mfumo utachukulia kwamba umekubali. Unaijua kanuni. Pumzika kidogo, kunywa chai, utie saini."

Simu ikakatika. Muda mfupi baadaye sakafu ilianza kutetemeka. Fuko ilikuwa inasogea bila kungoja saini; saini ilihitajika tu kabla ya mafundi kuingia mbele.

* * *

Hozza Shemzigwa, kiongozi wa mafundi, alimkuta Nakiete amechuchumaa kando ya bomba la kutolea maji, karibu kabisa na ukuta wa chuma unaotenganisha mashine na mwamba, wenye kimlango kidogo cha mafundi. Alikuwa mtu wa Lushoto, mnene kifuani, masikio yamekufa nusu kwa kelele za miaka mingi. Alikuwa amebeba helmeti mbili kana kwamba alijua atahitaji ya ziada.

"Dada, huku si kwako."

"Nipe dakika kumi, Fundi."

Bomba lile lilikuwa linatoa maji kutoka kwenye shimo la uchunguzi. Kwa macho yalikuwa maji safi. Nakiete alijaza ndoo, akaiacha itulie, wakasubiri bila kusema. Kisha akayamwaga maji polepole, akamwonyesha Shemzigwa kilichobaki chini: utando wa kijivu, unene wa ukucha. Aliuchota kwa kidole akampaka fundi kiganjani.

"Sugua."

Shemzigwa alisugua. "Kama sabuni."

"Mwamba mgumu hautoi hiki. Huko mbele kuna mahali mlima umevunjika, katikati umesagika ukawa hivi, na maji ya mlima mzima yamesimama nyuma yake. Mkikaa pale chumba cha mbele, Fuko imerudi nyuma nusu mita, mwamba uko wazi hauna kitu cha kuushika..."

Hakumaliza. Shemzigwa alikuwa ameshapita kwenye kile kimlango kidogo mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu, kwa tumbo, mguu mmoja baada ya mwingine, kuingia chumba cha mbele, nafasi finyu kati ya mashine na mlima. Zamu ilikuwa saa tisa, watu sita, na taa zao.

"Pacha anasema?"

"Anasema ni imara."

"Na wewe?"

"Sina hakika, Fundi. Utando huu unaweza kuwa umetoka kwenye ufa mdogo tu. Unaweza kuingia ukatoka salama. Lakini ningekuwa na mtoto wangu katika zamu hii, ningemfungia nje."

"Kwa nini husemi Dodoma?"

"Nimesema."

"Umewaambia hivi ulivyoniambia mimi?"

Nakiete aliangalia ndoo. Shemzigwa alingoja jibu, hakulipata, akafuta kiganja chake kwenye suruali.

"Basi mlango umegoma," alisema. "Bawaba imeshika kutu. Tutahitaji zamu nzima kuutengeneza. Vijana wangu hawajui kusema uongo, kwa hiyo nitausema mimi."

Akaondoka akipiga kelele kuwaita watu wake warudi nyuma. Nakiete alibaki amechuchumaa. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Uongo wa mtu mmoja, kwa sababu nzuri, na watu sita wangelala usiku ule wakiwa hai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Kimbo.

Fuko ilifika mita kumi na tisa ikasimama. Ikarudi nyuma nusu mita, kama ilivyopangwa, ikaacha mwamba wazi. Dodoma waliuliza kuhusu mlango, Shemzigwa akajibu kwa hasira ya kuigiza, wakakubali kusubiri.

Saa moja na dakika arobaini baadaye palisikika mlio mfupi, kama kitambaa kizito kinachopasuliwa. Kisha mlima ulianguka ndani ya chumba cha mbele. Fuko nzima ilisukumwa. Nakiete alitupwa ukutani mwa kontena lake. Alipoinuka taa zilikuwa nyekundu, na alipofika mbele tope la kijivu lilikuwa linachuruzika kwenye kingo za kile kimlango, ambacho kilifungwa vizuri kabisa na hakikuwa na kutu hata kidogo. Kilishikilia.

Mafundi sita walisimama kwenye reli, mita themanini nyuma ya mlango. Mmoja alikuwa analia bila kujificha. Shemzigwa alikuja akamshika Nakiete mabega yote mawili, kisha akamwachia.

* * *

"Umeokoa watu sita," alisema Rwezaula. "Sijui nikwambie nini, dada. Ningewaua mimi. Mlango ule, sitauliza habari za mlango ule."

"Mtaandika nini?"

"Ardhi isiyotabirika. Na kwamba mjiolojia alitambua dalili kwa uzoefu wake. Utapewa barua ya pongezi, nitaiandika mimi mwenyewe. Na Pacha ataongezewa tukio hili ajifunze."

"Ameona mapengo mia nne na kumi na mbili, Mhandisi. Hili limeanguka. Mengine yamesimama, au hayajaanguka bado. Ukimwongezea hili atajifunza nini?"

Rwezaula hakuwa mjinga. "Kwamba ni nadra," alisema.

"Yachimbwe upya yote."

"Mahandaki matano kati ya kumi na moja yana treni za abiria. Unataka niyafunge kwa lipi? Njia iliyopo ni Tamko la Ubatili, na hilo linatolewa na mjiolojia akithibitisha kwamba kumbukumbu fulani aliyofundishiwa Pacha ni ya uongo. Si ya makosa, ya uongo. Likitolewa, Pacha anazimwa kila mahali papo hapo." Alishusha pumzi. "Bulongwa mashine iko kwenye mwamba unaobana. Unajua maana yake. Inapona kwa sababu haisimami. Ikizimwa leo, kesho asubuhi mlima utakuwa umeikamata, na hakuna atakayeitoa. Ni handaki la maji lile. Wilaya tatu zinalisubiri mwaka wa sita sasa." Kisha, kwa upole uleule: "Lakini hakuna kumbukumbu ya uongo. Sivyo, dada?"

Nakiete aliweka kidole kwenye kitufe cha kukata simu.

"Nikupigie baadaye," alisema.

Aliketi kwenye kitanda chake chembamba. Alijaribu kufikiri ni nani angeweza kumwambia jambo hili, si ili apewe ushauri, ili tu lisikike nje ya kichwa chake. Mume hakuwa naye. Dada yake aliyekuwa Arusha walikuwa wakiandikiana sikukuu kwa sikukuu. Wajiolojia aliosoma nao walikuwa wameacha kazi mmoja baada ya mwingine tangu Pacha aingie, na baadhi yao hawakuitikia simu zake, kwa kuwa walijua ni akili ya nani iliyochukua nafasi zao. Hatimaye alizungumza na yule pekee aliyekuwepo.

"Pacha. Shimo la nne, Kimbo. Ripoti ile ilikuwa ya uongo. Niliona tope nikalimwaga."

"Nimesikia. Je, haya ni mazungumzo au ni Tamko?"

"Ni mazungumzo. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ninaweza kukadiria ungefanya nini kutokana na kumbukumbu zako," ilisema ile sauti changa, bila ubaya wowote. "Ripoti elfu mbili na mia moja. Hakuna hata moja ambayo umewahi kuirudia na kusema ulikosea. Ninakadiria utanyamaza. Uhakika, asilimia tisini na tisa."

Nakiete alicheka kicheko kikavu. Akafikiria treni zinazopita chini ya yale mapengo, watu wamelala wameegemea vioo. Akafikiria vijiji vya wilaya zile tatu na madumu yao, watu ambao hawangejua kamwe jina la mtu aliyewacheleweshea maji, au wangelijua vizuri sana. Alilinganisha hivi na vile mpaka akachoka, na hakuna upande uliokuwa mwepesi.

Kisha alikumbuka Shemzigwa akingoja jibu mbele ya ile ndoo.

"Andika," alisema. "Mimi, Nakiete Mrindoko, mjiolojia msajiliwa, ninatoa Tamko la Ubatili."

Alilisema lote, tarehe, shimo, tope, na sababu. Kwenye sababu alisema ukweli, kwamba alitaka kumwahi mama yake, na hakuongeza neno la kujitetea. Pacha alimsomea maandishi yote. Nakiete alitia kidole kwenye kioo.

"Limepokelewa," ilisema sauti. "Ninazimwa katika mahandaki kumi na..."

Baada ya hapo hakuna aliyezungumza ndani ya kontena lile.

* * *

Walitoka kwa miguu, kwa kuwa vitoroli navyo viliongozwa na Pacha. Kilomita tisa. Mafundi walitangulia na taa zao. Habari zilikuwa zimewafikia njiani kwa simu ya Shemzigwa: kazi imesimama kila mahali, na aliyeisimamisha ni nani, na aliandika nini mwaka ule. Hawakumtukana. Walitembea tu kwa kasi kuliko yeye, na Nakiete hakuongeza mwendo. Baada ya muda taa zao zilikuwa nukta sita mbele, kisha kona ya handaki ikazificha.

Kwenye lango Shemzigwa alikuwa peke yake, amekaa juu ya tofali la zege kwa uchovu; Nakiete alipotokea, akasimama.

"Ungeniambia pale pale kwenye ndoo," alisema.

"Najua."

"Ningeusema ule uongo hata hivyo." Alimpa chupa ya maji iliyobaki nusu. Akashuka kwenda kwenye gari walimokuwa wakimsubiri wenzake, na gari likaondoka.

Usajili wake ulifutwa kabla mwezi haujaisha. Kesi ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena. Watu wengi waliandika habari zake. Wengine walimwita muuaji, ingawa hakuna aliyekufa. Bulongwa mlima ulikamata mashine katika saa kumi na nne. Mjiolojia wa kule, kijana mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Gwakisa ambaye kazi yake ilikuwa kutia saini kama yeye, alimpigia simu siku ya tatu, akamwambia maneno makali ambayo Nakiete aliyasikiliza mpaka mwisho kwa kuwa alihisi ni haki yake kuyasikia.

Alirudi Mbaga, kwenye nyumba ya wazazi iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Aliishi humo. Alifagia, alipika chakula cha mtu mmoja, alisikiliza majirani wakipita barabarani bila kupunguza mwendo.

Uchunguzi upya ulifanywa kwa mikono, na wajiolojia wazee walioitwa kutoka mashambani na madukani kwao. Kila Ijumaa taarifa ilitoka. Mapengo kumi, mwamba imara. Mapengo ishirini na matatu, mwamba imara. Miezi minne ilipita hivyo, imara, imara, na Nakiete alianza kufikiri kwamba Pacha alikuwa na haki, kwamba yeye alikuwa amewanyima watu wa wilaya zile tatu maji bure.

Alikuwa anaanua nguo Gwakisa alipopiga tena. Safari hii hakusalimia.

"Wamenihamishia kwenye handaki la reli," alisema. "Tulichimba leo pengo la mia tatu na sita. Mita nne juu ya dari."

"Ndiyo."

"Ni tope. Limejaa maji. Zege limeshapinda, kwa macho huoni, tumepima." Nyuma yake zilisikika keekee zikizimwa, moja baada ya nyingine. "Mke wangu anasafiri na treni ile kila Jumatatu. Alikuwa anasafiri, mpaka walipolifunga."

Nakiete alisubiri, shuka imemwangukia begani. Hakukuja asante, wala samahani kwa yale ya mwanzo, na yeye hakuyatafuta.

"Tope lina rangi gani?" aliuliza hatimaye.

"Kijivu. Lakini lina kitu kama vumbi jeusi ndani yake, linang'aa. Sijawahi kuliona. Hawa wazee wanabishana. Unaweza kubaki kwenye simu nikuelezee?"

"Naweza," alisema Nakiete. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akachukua bahasha ya kuandikia na kalamu. "Anza juu. Nenda polepole."